Nilivyoiflashi simu yangu kwa betri ya mtumbwi

Mimi ni mtu wa dagaa, siyo mtu wa kompyuta, hilo lieleweke kwanza. Nauzia Mwaloni pale Kirumba, Mwanza, na wateja wangu wengi wako mbali, napiga picha mzigo, natuma WhatsApp, wakirusha hela ndio napakia. Sasa simu yangu, ya Kichina, nimekaa nayo miaka minne, ikafika mahali ukifungua galari tangazo, ukifungua kikokotozi tangazo, na apdeti zilishakoma zamani. Fundi mmoja wa Makoroboi akaigeuzageuza akaniambia "kaka hii uza spea, ongeza kama laki tatu nikupe nyingine." Laki tatu! Nikaudhika, nikasema naweka LineageOS.

Kwa asiyeijua, ni Android hiihii ila imevuliwa makorokoro ya kampuni, inatengenezwa na watu wa kujitolea, ilizaliwa mwisho wa 2016 ilipokufa CyanogenMod, mfumo wa aina hiyohiyo uliokuwepo kabla yake. Ni bure, gharama yangu ilikuwa bando na waya mpya wa USB, elfu kumi na kitu hivi.

Kufungua bootloda, ile kufuli inayozuia kuweka mfumo mwingine kwenye simu, kampuni ya simu ilinisubirisha masaa 168, yaani wiki nzima, nadhani walitaka nitubu. Na ikifunguka inafuta kila kitu ndani ya simu. Hilo nililijua, kwa hiyo nikabakapu WhatsApp vizuri kabisa, majina ya wateja, picha, kila kitu. Nakala nikaiweka wapi? Ndani ya simu ileile. Chekeni tu. Kilichoniokoa ni daftari la mke wangu, anaandika namba za wateja wote kwa kalamu, na mimi ndiye niliyekuwa namcheka.

Haya, usiku nikaanza kuflashi, yaani kuingiza mfumo mpya kwenye simu kwa waya kutoka laptopu. Laptopu ni ya mdogo wangu, betri yake ilishakufa, inaishi kwa umeme wa ukutani. Faili linatembea, asilimia kumi, thelathini, arobaini, ikafika 47 ikasimama. Kisha laptopu ikaandika kwa Kizungu kwamba imeshindwa kusoma amri, na sababu ya kushindwa ni: "Success". Nikasoma mara tatu. Imeshindwa kwa sababu imefaulu! Nikarudia, 47. Nikabadilisha waya, 47. Mara ya nne umeme ukakatika, laptopu ikazima pu, mimi nimekaa gizani na simu isiyokuwa na chochote ndani.

Sisi tunakaa juu kwenye mawe, jirani yetu wa chini ni mzee mwenye mitumbwi ya dagaa. Na usiku ule mwezi ulikuwa mpevu, nje kweupe kama mchana, na mnajua mbalamwezi ikiwaka dagaa hawafuati taa, mitumbwi inalala. Kwa hiyo betri za taa zake zipo ndani zimejaa chaji hazina kazi! Nikashuka. "Shikamoo mzee, naomba betri moja na ile inveta yako." "Marahaba. Unaenda kuvua wapi na mwezi huu?" Nikamwambia naflashi simu. Akanitazama, akanipa, nadhani kwa huruma. Kupandisha betri ile kwenye mawe ni kazi ya watu wawili, niliifanya peke yangu, mgongo ulinikumbusha wiki nzima.

Nikarudia, na 47 ikaja tena, ila safari hii kwa uchovu macho yakaangukia skrini ya simu badala ya laptopu. Imeandikwa status 0. Yaani imekubali! Kumbe ilikuwa inakubali tangu mara ya kwanza, ni laptopu tu inalalamika bila sababu. Ukifika hapo angalia simu, laptopu iache iseme inachotaka.

Sasa hapa ndio nina hasira na jamaa mmoja wa video aliyesema "washa kwanza uone kama inawaka, ndio uweke vitu vya Google," maana LineageOS haiji navyo. Uongo mtupu. Nikawasha, ikawaka safi, nikarudi kuweka kifurushi cha Google, kuanzia hapo kila sekunde inaniambia huduma za Google zimesimama, ukifunga inaleta tena. Kifurushi kinaingia hukohuko kwenye rikava, ile menyu ya kuwekea mfumo kabla simu haijawaka, kabla hujaiwasha hata mara moja. Nikafomati nikaanza upya, na ikichelewa kuwaka mara ya kwanza usiing'oe, yangu ilichukua kama dakika kumi nikiwa nimeishikilia kama yai.

Mengine ni madogo madogo. Programu ya benki yangu imegoma kabisa, eti kifaa si salama, simu yenye ulinzi mpya kuliko ile ya zamani waliyokuwa wanaikubali! Nimeiacha, natumia menyu ya nyota na reli, na hela za wateja zinaingia kwa M-Pesa, *150*00#, kama kawaida, hiyo haiulizi una simu gani. Kamera ndio iliniumiza, dagaa wakatoka na rangi ya bluu, mteja akanipigia "hawa wamelala siku ngapi?" Nikabadilisha programu ya kamera, nikapiga nje juani, akanyamaza. Chaji sasa inafika usiku, na kikokotozi ni kikokotozi tu.

Jana mzee kaja na simu yake, anataka "kama ya kwako." Nikaitafuta kwenye orodha ya simu ambazo LineageOS inazikubali, kitu ambacho unatakiwa ufanye kabla ya yote, haimo. Nikamwambia ukweli. Akasema sawa, basi beba betri yangu uirudishe chini.