Sare ya mdogo wangu ipo kabatini

Huku kwetu Dodoma Majilio, yale majuma manne ya kabla ya Krismasi, huingia ardhi ikiwa bado vumbi. Kanisani tunatandika vitambaa vya zambarau madhabahuni, tunaanza nyimbo za kumngoja Bwana, na nje watu wanatazama mawingu yanayopita bila kudondosha kitu. Nilipokuwa mtoto nilidhani Wakristo wote duniani hungoja hivyo viwili kwa pamoja, Kristo na mvua.

Mama yangu, kule Mvumi, hangoji mvua ndipo apande. Anapanda kavu. Mwishoni mwa Novemba utamkuta shambani na jembe la mkono, anachimba shimo dogo, anadondosha punje za uwele, anafukia kwa unyayo, anasogea mbele. Hatari zake anazijua vizuri: sisimizi hubeba mbegu, kwale hufukua, na baya zaidi ni ile mvua ya kwanza ya kudanganya, inayootesha kisha ikakata mpaka miche inaungua. Ikitokea hivyo anarudishia. Lakini asiyepanda kavu, mvua ya kweli inamkuta bado anahangaika kutafuta mbegu, na sisi Dodoma tuna msimu mmoja tu wa mvua kwa mwaka.

Naandika haya kwa sababu mwaka unaisha na najua kinachokuja. Mabango ya mikesha yameshaanza kubandikwa: mwaka wa kuinuliwa, mwaka wa kurejeshewa. Nimekesha mikesha hiyo, nimelia humo, na siwadharau wanaokwenda. Ila nimewaona wapendwa wakirudi nyumbani wameshika tarehe ya kujibiwa, na Kwaresima ikifika wameshavunjika moyo, wengine hawaonekani tena ibadani. Inaniuma sana, kwa kuwa tarehe ile hawakupewa na Mungu. Mithali 13:12 inasema, "Kilichotarajiwa kikikawia kuja, huufanya moyo kuugua." Ugonjwa huo upo. Mtu akiwa nao akae karibu na watu wanaomwelewa, asikemewe kana kwamba ana pepo.

Mimi nimeuugua kwa ajili ya mdogo wangu. Anakunywa. Alikuwa mwimba besi wa kwaya yetu ya uinjilisti, na ukisimama mstari wa mbele yake ulikuwa unaisikia ile sauti mgongoni. Kuna vipindi anaacha kabisa, ananenepa, anacheza na wanangu, halafu usiku mmoja simu inaita. Mwenye ndugu wa namna hii anajua kwamba ulevi peke yake si ndio unaochosha. Kinachochosha ni kutumaini upya na kuumia palepale. Watu wenye nia njema waliniambia nimwachie Mungu, na kwa jinsi walivyolisema nilielewa maana yao: acha kungoja.

Kilichonishikilia ni Yeremia sura ya 32. Ni mwaka wa kumi wa mfalme Sedekia, jeshi la Babeli limeuzingira Yerusalemu, na Yeremia mwenyewe amefungwa katika uwanda wa walinzi kwa sababu ya kusema wazi kwamba mji utaanguka. Hapo ndipo Hanameli, mtoto wa baba yake mdogo au mkubwa, anapokuja kumwuzia shamba lililoko Anathothi, kijijini kwao, nje ya kuta, upande uliko adui. Na Yeremia ananunua! Anapima shekeli 17 za fedha kwenye mizani, anaita mashahidi, anatia muhuri, anamkabidhi Baruku hati zote mbili aziweke katika chombo cha udongo, "zipate kukaa siku nyingi". Akishalipa ndipo anaomba, na ombi lake ni la mtu asiyeelewa: Bwana, umeniambia ninunue shamba, na mji ndio huu unatiwa mikononi mwa Wakaldayo, hao hao Wababeli? Hakungoja aelewe ndipo atoe fedha.

Biblia haisemi popote kwamba alilima shamba lile. Mji ulichomwa moto, naye akachukuliwa na wenzake mpaka Misri. Lakini fungua Ezra sura ya 2, ile orodha ya majina ambayo wengi wetu tunairuka. Wanahesabiwa waliorudi kutoka uhamishoni baada ya mfalme Koreshi kuwapa ruhusa, mwaka 538 KK, na kwenye mstari wa 23 wamo: watu wa Anathothi, 128. Siku nilipouona mstari huo nilimwita mume wangu kutoka nje nikamsomea, nikausoma tena.

Kwaya yetu hushona sare kwa ajili ya Krismasi, kila mmoja analipia kitambaa na ufundi. Mimi hulipia mbili. Mwalimu wa kwaya hajawahi kulifuta jina la mdogo wangu kwenye daftari, namshukuru sana kwa hilo. Wapo wanaoona napoteza hela, na kweli hela yenyewe si ndogo.

Mwaka jana alikuja kupimwa. Hakuwa amekunywa siku ile. Alisimama barazani, mikono ameinyoosha, fundi akampitishia futi begani, kifuani, kiunoni, akitaja namba na mimi nikiandika. Namba zilikuwa ndogo, shati la mvulana. Fundi alizitazama, kisha akamwambia, "Nitaacha kitambaa cha kutosha ndani ya mshono. Ukinenepa unaniletea, nafungua." Mdogo wangu akajibu, "Sawa, mama." Krismasi ilipofika hakuimba. Sare ipo kabatini kwangu, na ule mshono nimeupima: vidole viwili kila upande.

Sisemi kwamba nikilipia sare basi Mungu analazimika kunijibu. Sijaahidiwa kwamba ataimba Krismasi hii. Nilichoahidiwa ni kwamba Kristo atakuja tena, maneno tunayoyatamka kila tunapokaribia meza ya Bwana, na siku hiyo hakuna kifungo kitakachobaki, kiwe cha pombe au cha kaburi. Ninachomngojea mdogo wangu nakingojea ndani ya ahadi hiyo. Kikija mapema, nitapiga vigelegele kanisa zima ligeuke. Kikikawia, Paulo ameshaandika katika Warumi 8:25, "Bali tukikitarajia kitu tusichokiona, twakingojea kwa saburi." Saburi niliyoiona kwa mama yangu huamka alfajiri ikachukua jembe, kwa hiyo sijui kuingoja ahadi nikiwa nimekunja mikono. Ndiyo maana nalipia. Ndiyo maana pia nikiwa peke yangu jikoni naimba sauti yangu ya alto na kuacha nafasi inakoingia besi.

Fundi anakuja Jumamosi. Kitambaa cha mwaka huu ni kijani chenye maua meupe, na nimeshalipia viwili. Nimempigia mdogo wangu, akasema, "Nitajitahidi, dada." Ukiwa katika sala zako za Majilio naomba umkumbuke. Jina lake Mungu analijua. Wewe mtaje tu kama mwimba besi wa Dodoma.