Ufito, Kilemba na Mwana wa Ndugu

Kwa miezi mitatu sasa, nikishamaliza kazi ya mchana ya kutafsiri mikataba na vyeti vya ndoa, jioni zangu hapa Ilala nimezitumia kusoma Kilatini cha makarani wa Uingereza. Mzee mmoja wa Upanga, ambaye babu yake mzaa baba alikuwa Mwingereza, aliniletea picha za ngozi zilizoandikwa zama za Malkia Elizabeth wa Kwanza, akaniomba nizitie katika Kiswahili ili wajukuu zake wajue jinsi shamba la mababu zao lilivyorithiwa na kuhamishwa. Kilatini nilikisoma seminari, lakini kilikuwa cha Cicero, mwandishi wa Roma ya kale. Hiki cha makarani kimekatwakatwa kwa vifupisho hata neno refu likabaki herufi tatu na kistari juu yake.

Kumbukumbu hizo ni za baraza la milki, yaani mahali ambapo wakulima wa kabaila mmoja walikutana mbele ya msimamizi wake. Mkulima alishika ardhi kwa hiari ya bwana na kwa kufuata desturi ya milki, na hati yake ilikuwa nakala ya yale yaliyoandikwa barazani. Kumuuzia jirani moja kwa moja hakuruhusiwa. Alifika barazani, akairudisha ardhi mikononi mwa bwana, *sursum reddidit in manus domini*, kwa manufaa ya fulani na warithi wake, kisha msimamizi akamkabidhi huyo fulani kwa niaba ya bwana. Kilatini kiliondolewa katika kumbukumbu hizo mwaka 1733, lakini umiliki wenyewe wa nakala haukufutwa hadi tarehe 1 Januari 1926. Nilidhani mzunguko huu ungemchanganya msomaji wetu, ila sisi tunaoishi katika nchi ambayo ardhi yote ni ya umma na Rais ni mdhamini wake, tukibaki na haki ya kuitumia tu, hatuna sababu ya kuushangaa sana.

Maneno mawili yalinisumbua mapema. La kwanza ni *finis*, malipo aliyotoa mpokeaji ili aingizwe katika ardhi. Aliyezoea kamusi ataandika faini, naye atakuwa amemfanya mrithi asiye na kosa kuwa mhalifu. Niliandika kilemba, kwa kuwa kila aliyewahi kutafuta fremu ya duka Kariakoo anajua kilemba ni nini, na maana inakaa vizuri. La pili ni *per virgam*. Msimamizi alishika fimbo, upande wa pili ukashikwa na mkulima, na kwa tendo hilo ardhi ikahesabiwa kuwa imehama. Nilipoandika kwamba fulani alikabidhiwa shamba kwa fimbo, binti yangu alisoma akauliza alipigwa kwa kosa gani. Sasa nimeandika "kwa kushikishwa ufito".

Kosa langu kubwa lakini lilikuwa katika neno jepesi kabisa. Wazee wa baraza wanataarifu kwamba mkulima fulani amefariki akiwa ameshika nyumba na ekari kadhaa, mnyama wake bora amechukuliwa na bwana kama desturi inavyotaka, na *nepos* wake, mtu mzima, amefika kudai urithi. Niliandika mjukuu, nikampelekea mzee, naye akakichora kizazi hicho katika mti wa ukoo wake. Wiki mbili baadaye, nikisoma ngozi ya miaka 25 nyuma, nikamkuta marehemu yuleyule akipokea shamba hilohilo akiwa *infra aetatem*, hajatimiza umri, akiwekewa mlezi. Mtoto wa mwaka ule hawezi kuwa na mjukuu mtu mzima miaka 25 baadaye, hata angeoa siku ileile. Neno *nepos* katika Kilatini cha makarani hawa huweza kuwa mjukuu au mtoto wa ndugu, na mimi nilichagua bila kuhesabu. Ilinibidi nimpigie mzee simu na kumwomba afute kizazi kizima, jambo ambalo si rahisi kumwambia mtu wa miaka 80 na zaidi.

Tarehe nazo zinataka kuhesabiwa. Karani anaandika Februari ya mwaka wa 43 wa utawala wa Elizabeth, aliyerithi kiti tarehe 17 Novemba 1558, nawe unapata Februari 1601. Lakini kwa kuwa wao walianza mwaka mpya tarehe 25 Machi, karani huyohuyo angeiita 1600.

Sehemu niliyoipenda kuliko zote ni pale mume na mke wanaporudisha ardhi kwa pamoja. Kabla ya kukubali, msimamizi anamtenga mke na kumhoji peke yake, *sola et secrete examinata*, ili kuhakikisha kwamba hakulazimishwa na mumewe. Sheria yetu ya Ndoa ya mwaka 1971 nayo inamzuia mwenzi kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, ingawa nimeshatafsiri mikataba ambayo sahihi ya mke inafanana mno na ya mume.

Baada ya aibu ya *nepos* nilirudia majina yote ya undugu. Kilatini cha kale kilitenganisha *avunculus*, ndugu wa mama, na *patruus*, ndugu wa baba, kama sisi tunavyotenganisha mjomba na ami, lakini makarani wa Uingereza mara nyingi walimwita yeyote kati yao *avunculus*. Katika ngozi ya mwisho *avunculus* ana jina la ukoo la baba wa mrithi, na kumbukumbu nyingine inamtaja kuwa ndugu wa huyo baba, hivyo nikaandika ami.

Mzee aliposoma alinitazama juu ya miwani. "Mwanangu, sisi hapa tunasema baba mdogo."

"Ningependa, mzee," nikamjibu, "ila karani hakuandika kama alikuwa mdogo au mkubwa."