Tawi linalojua kukataa

Ukinunua diski ya nje, kila mtu atakwambia ifomati exFAT, mpangilio wa faili unaojulikana na Windows na wengine, yaishe, itasomeka popote. Mimi sitaki. Umeme wa Pemba unakuja kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga tangu 2010, na ukikatika haupigi hodi. exFAT haiweki kumbukumbu ya jambo lililokuwa likiandikwa pale umeme ulipokwenda, ext4, mpangilio wa Linux, inaweka. Mashine yangu hapa Wete ni ya Linux, basi diski zangu zote ni ext4.

Shida iko Unguja. Mimi narekodi harusi, upande wa wanawake tu. Anayehariri ni mtoto wa dada yangu, yuko Michenzani, na yeye ni mtu wa Windows. Video za singo, siku ya kumsinga bibi harusi, hazipandishwi mtandaoni hata kwa dawa. Humo wanawake wamevua mabuibui, na mama wa bibi harusi huniapisha kabla sijawasha kamera. Kwa hiyo diski inapanda meli, mkononi mwa mtu ninayemjua. Ikichomekwa kule, Windows inaomba kuifomati.

"Mama mdogo, nikubali?"

Usithubutu, mwanangu.

Zamani dawa ilikuwa Ext2Fsd, draiva ya bure inayoiwezesha Windows kusoma diski za Linux. Toleo la 0.69 lilitoka 2017, kisha kimya. Leseni yake ni GPL, inayomruhusu yeyote kuuchukua na kuubadilisha msimbo, hivyo watu wameuchukua msimbo wakaanzisha matawi yao. Wengi huchagua tawi kwa kuhesabu nyota, yaani alama za waliolipenda, au kutazama tarehe ya badiliko la mwisho. Lakini hata aliyesahihisha tahajia kwenye maelezo amefanya badiliko.

Mimi natazama jambo jingine. Ext4 huandika mwanzoni mwa diski orodha ya sifa zake, katika mafungu matatu. Fungu la kwanza: draiva isiyoijua sifa hii na iendelee tu. La pili: kama huijui, soma lakini usiandike. La tatu: kama huijui, usifungue kabisa. Yaani diski yenyewe imeshasema nani aingie na nani abaki barazani. Draiva inayopuuza orodha hiyo ndiyo itakayokula harusi ya watu.

Na sifa zinaongezeka. e2fsprogs, zana za Linux za kufomati na kukagua ext4, toleo la 1.43 la 2016, ilianza kuwasha sifa za `metadata_csum` na `64bit` bila kuulizwa. Ya kwanza iko fungu la pili, nyingine la tatu. 1.47.0 ya 2023 ikaongeza `orphan_file`, na pia `metadata_csum_seed` ambayo ni ya fungu la tatu. Nikachukua flashi kuukuu, nikaifomati kwa sifa hizo zote, nikahakikisha kwa `dumpe2fs -h`, amri inayoonyesha orodha hiyo, nikaipeleka mwenyewe Michenzani.

Tawi moja lilitaka kwanza nizime Secure Boot, ulinzi wa mashine inapowaka, na kuiweka Windows katika hali ya majaribio. Hilo sikulisakinisha. Jingine, lenye nyota nyingi, lilifungua flashi kwa furaha na kuniruhusu niandike. Niliporudi Wete, `e2fsck -fn`, amri ya kukagua bila kugusa, ikatoa malalamiko ukurasa mzima. Tawi la tatu lina ukurasa mkavu, hata picha halina. Likakataa kuifungua, likaitaja sifa lisiyoijua kwa jina. Nikalichukua hilo.

Sasa diski za safari nazifomati kwa `mkfs.ext4 -O ^metadata_csum_seed,^orphan_file` (alama ya ^ huzima sifa), na kule Unguja draiva imewekwa isome tu. Kazi iliyokwisha inarudi kwa diski nyingine. Mwanangu ananung'unika kwamba diski mbili ni gharama. Kweli, lakini bei ya diski naijua, na bei ya kumwambia mama wa bibi harusi kwamba video imepotea siijui.

Atakayeniuliza kuhusu WSL, Linux inayoendeshwa ndani ya Windows: `wsl --mount` inafungua ext4 kwa Linux halisi, na kwa mwenye mashine yenye nguvu ningeshauri hiyo kabla ya tawi lolote. Ila flashi haizikubali. Laptopu ya Michenzani ikiwashwa programu ya kuhariri tayari imeshaelemewa.

Tawi nililochagua linaendeshwa na mtu mmoja, naye anaweza kunyamaza wakati wowote. Basi kila diski ya safari nimeikatia kipande kidogo cha exFAT mwanzoni, ndani yake nimeweka kisakinishi pamoja na msimbo wake.