Kwa nini mwanangu alichelewa kutahiriwa

Mwanangu wa pili alizaliwa tundu la mkojo likiwa upande wa chini wa uume, si kwenye ncha. Nesi ndiye aliyegundua: govi limefunika juu tu, chini halikukutana. Hospitalini hali hiyo huiita haipospadia. Alinisisitizia mtoto asitahiriwe mpaka daktari bingwa amwone, kwa kuwa ngozi ya govi huweza kutumika kutengenezea njia ya mkojo.

Kuwaeleza hayo wakwe zangu kule Kondoa ndiyo ilikuwa kazi. Kwao mtoto wa kiume hutahiriwa angali mchanga, na ngariba alishaambiwa. Halafu likaja swali ambalo wanawake wengi tunalijua: "Kwenu yupo mwingine wa hivi?" Wapo waliotaja vyakula nilivyokula nikiwa mjamzito, wapo waliosema ni jicho la mtu.

Kilichotuokoa ni kliniki ya Dodoma mjini. Daktari alichora ukoo wetu kwenye karatasi, wanaume kwa miraba, wanawake kwa duara, na akauliza pande zote mbili kwa usawa. Alisema njia ya mkojo ya mvulana huungana kuwa mrija kati ya wiki ya 8 na ya 14 ya ujauzito, ikiongozwa na homoni za mtoto mwenyewe. Jeni, yaani vinasaba tunavyorithi, zinazochangia ni nyingi, kila moja kwa kiasi chake. Mojawapo, DGKK, iliyotajwa na watafiti mwaka 2011, iko kwenye kromosomu X, moja ya nyuzi zinazobeba jeni, ambayo mvulana huipata kwa mama. Nyingine ziko kwenye kromosomu ambazo baba naye humpa mtoto. Takriban watoto 7 kati ya 100 wenye hali hii wana ndugu mwingine katika ukoo aliye nayo. Uzito mdogo wa kuzaliwa nao unahusishwa, na wangu alizaliwa mdogo kweli.

Sikwenda Kondoa kufundisha jeni. Nilimwomba mume wangu akae na baba yake wawili tu, na ile karatasi. Mzee alikaa kimya kitambo, kisha akamtaja mdogo wake: "Yule alizaliwa kama aliyekwisha kutahiriwa, ngariba hakumgusa." Daktari aliposikia akasema huenda ndiyo hiyo hiyo. Tangu siku hiyo sikuulizwa tena habari za kwetu. Iliniuma kwamba jibu lilikuwapo miaka yote, limefichwa kwa aibu.

Alipofikisha mwaka na ushei alifanyiwa upasuaji. Alirudi na mpira mdogo wa mkojo, tukamvalisha nepi mbili: ya ndani ya choo, ya nje ikipokea mkojo. Tohara ilimalizikia hapo hapo.

Wifi yangu alipojifungua wa kiume, mama mkwe ndiye aliyeifungua nepi kuangalia tundu liko wapi, ngariba akiwa bado hajaitwa.