Kumzomea mtu aliye chini

Jamani, nimetoka uwanjani sasa hivi na bado nina hasira.

Kwa wasioujua mchezo huu: spidiwei ni mbio za pikipiki zisizo na breki. Waendeshaji wanne, mizunguko minne ya njia ya udongo, injini za methanoli. Dakika moja hivi, zimeisha. Huku Uingereza watu huja na familia nzima, babu hadi mjukuu, na ndicho kilichonifanya niupende.

Leo, kona ya kwanza tu, mgeni alimkata mwenyeji kwa ndani, akambana hadi kwenye uzio. Wote wawili chini. Taa nyekundu zikawaka, refa akamtoa mgeni, mbio zirudiwe bila yeye. Haki kabisa.

Lakini mwenyeji akainuka, akamfuata mwenzake aliyekuwa bado amekaa kwenye udongo, akampiga ngumi ya helmeti.

Na jukwaa likashangilia!

Mgeni alipoondoka akichechemea, wakamzomea njia nzima. Matusi mazito.

Mbele yangu alikuwa mtoto wa miaka kama saba. Alimtazama kwanza baba yake. Baba alipotukana, naye akalirudia tusi lile lile, neno kwa neno, kisha akamtazama tena kuona kama amepatia.

Baba akampigapiga begani, akacheka.

Kuzomeana kupo, sisi wa Simba na Yanga tunakujua vizuri. Ila kwa mtu aliyeumia, hapana.

Ningekuwa na wewe pale, ungemwambia nini yule baba? Niandikieni hapo chini, nataka kusikia hasa kutoka kwa wazazi.