Kichwa Chake Umekiacha Wapi?

Jumapili ya tarehe 28 Septemba 2025 nilisimama tangu asubuhi kwenye kilima cha Kimihurura, jijini Kigali, simu ikiwa sikioni, nikimtangazia baba yangu mbio za baiskeli. Yeye alikuwa Kahama, chini ya mwembe ule ule aliofanyia kazi ya ufundi baiskeli miaka yote ninayoikumbuka. Mdogo wangu alikuwa ameweka simu yake juu ya sanduku la spana, sauti ameifungua yote, na majirani wawili watatu walikuwa wamevuta vigoda.

Baba haoni. Presha ya macho ilimla kidogo kidogo, na tangu 2021 anachopata ni mwanga tu. Bado anaziba pancha kwa vidole, bado anakaza mnyororo akiusikiliza, lakini mbio hawezi kuzitazama. Ndiyo sababu nilipanda basi hadi Rusumo, nikavuka daraja la mto Kagera, nikaenda Kigali kuwa macho yake. Mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani hayakuwahi kuja Afrika kabla ya juma lile. Nilimwambia, baba, yakiwa jirani hivi tusipoyaona sisi atayaona nani?

Na alikuwa na mtu wake mle ndani. Tarehe 1 Julai 2024 nilimsomea habari kutoka Turin: Biniam Girmay, kijana wa Asmara, Eritrea, ameshinda hatua ya tatu ya Tour de France, zile mbio kubwa za baiskeli za Ufaransa, Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda hatua. Baba aliniomba nirudie jina mpaka akalishika. Girmay akashinda hatua nyingine mbili mwaka ule na kuivaa jezi ya kijani, ya anayeongoza kwa pointi, hadi mwisho, na kila jioni nilikuwa nikiulizwa, "Biniam kafikaje leo?" kama mtu anavyouliza habari za mtoto wake aliye safarini.

Basi nikawa namsomea kila nilichokipata. Nilimsomea habari za Marshall Taylor, Mmarekani mweusi aliyekuwa bingwa wa dunia wa mbio fupi mwaka 1899 kule Montreal, ambaye wapinzani wake walikuwa wakipanga kumzingira njiani ili asipate upenyo. Nilimsomea habari za Ghebremariam Ghebru, aliyewashinda Waitaliano, watawala wa Eritrea wakati huo, mwaka 1939 walipokubali kwa mara moja tu kushindana na wenyeji. Hiyo aliipenda sana, akaitaka mara tatu. Nilimsomea pia kwamba katika Tour ya 2020, kati ya waendeshaji 176, mweusi alikuwa mmoja tu, Kévin Reza wa Ufaransa. Na nilimsomea ya Olimpiki ya Tokyo, mwaka 2021, siku kiongozi mmoja wa timu ya Ujerumani alipomhimiza kijana wake kwa sauti kubwa awakamate "wachunga ngamia" walioko mbele, akimaanisha Mualjeria na Mweritrea. Kiongozi huyo alirudishwa nyumbani. Baba aliposikia hiyo hakusema neno. Aliendelea kusugua freewili kwa mafuta ya taa, akasugua muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

Nafundisha Kiswahili sekondari. Nilidhani kutangaza mbio kwa Kiswahili ni kazi niliyozaliwa nayo, na asubuhi ile ilikwenda vizuri kweli. Shule za Kigali zilikuwa zimefungwa juma zima, watoto wamejaa ukingoni, wengine juu ya miti, wengine juu ya mapaa. Njia ilikuwa ya kilomita 267.5, na ukijumlisha milima yote waliyopanda inazidi mita 5,400. Pale nilipokuwa, barabara ni ya mawe yaliyopangwa, inapanda kilomita moja na zaidi bila huruma, nao walitakiwa kuipita mara kumi na tano. Baba aliuliza mawe yamekaaje, yana mapengo, yana utelezi? Niliinama nikayapapasa kwa kiganja, nikamwambia. Kundi kubwa tuliliita "msafara". Aliyekimbia mbele peke yake "amechomoka". Anayejificha upepo nyuma ya mwenzake "amekaa mgongoni". Maneno mengi yalitoka kwake, mimi niliyapokea tu.

Walipomaliza mizunguko tisa waliondoka kwenda kuzunguka upande wa Mlima Kigali. Huko hatukuwaona, tuliwafuata kwenye skrini kubwa na kwenye simu za watu. Zikiwa zimebaki kilomita zaidi ya 100, Tadej Pogačar wa Slovenia akachomoka. Umati ukapiga kelele. Mimi nikamwambia baba: "Pogačar amepiga hesabu, kaona wenzake wamechoka, kaondoka." Remco Evenepoel wa Ubelgiji akasimama kubadilisha baiskeli, nikasema: "Huyu ni mjanja, hataki kuhatarisha, anajua bado kuna muda." Kisha msafara uliokwisha kupasuka ukarudi kwetu Kimihurura, na mbele ya kipande kimoja nikaona jezi ya Eritrea. Bendera zao zilifurika pande zote mbili, wanawake wanapiga vigelegele, nami moyo ukanipanda mpaka kooni. Nikapaza sauti: "Baba, Mweritrea! Mweritrea huyo! Ana miguu ya chuma! Ana nguvu za ajabu, kama simba!"

Majirani nikawasikia wakishangilia chini ya mwembe. Baba hakushangilia.

"Mama," akaniita, kama anavyoniita siku zote. "Ngoja kidogo."

"Naam, baba."

"Yule Mslovenia umesema amepiga hesabu."

"Ndiyo."

"Mbelgiji umesema mjanja."

"Ndiyo, baba."

"Huyu wetu umesema miguu ya chuma. Kichwa chake umekiacha wapi?"

Watu walikuwa wakipiga kelele kila upande nami sikusikia chochote. Nilikuwa nimesoma makala ngapi za watangazaji wa Ulaya, nikakasirika mara ngapi kwamba mweusi kwao ni kipaji tu, ni mwili, ni kitu kilichotoka porini kikiwa tayari, na mzungu ndiye anayefikiri? Nilikasirika kwa lugha yangu safi kabisa. Na sasa, kwa lugha ile ile, kwa mapenzi matupu, nimefanya vilevile mbele ya baba yangu.

Hakunigombeza. Akanisimulia jambo ambalo sikuwahi kulisikia, na hadi leo sijui kama mama alilijua kabla ya kufariki. Alipokuwa kijana alishinda mbio za kutoka Kahama mjini hadi Isaka na kurudi, kwa baiskeli ya Phoenix aliyoivua madigadi, keria na kila chuma kisicho cha lazima. Kabla ya siku hiyo alikwenda Jumapili tatu mfululizo kuipima njia. Ulikuwa msimu wa kiangazi, upepo unatoka upande wa Isaka. Akaona kwamba kwenda utampiga kifuani na kurudi utamsukuma. Siku ya mbio akakaa mgongoni mwa wenzake njia nzima ya kwenda, wakamcheka, wakamwita mvivu. Alipogeuza Isaka akachomoka, wasimwone tena.

"Zawadi ilikuwa redio," alisema. "Aliyenikabidhi alikuwa mgeni mmoja, mzungu. Akasema maneno kwa lugha yake, mkalimani akageuza. Akasema: 'Anasema una nguvu kama punda.' Watu wakapiga makofi. Na mimi nikapiga makofi, mama. Nikajipigia."

Kisha akasema: "Usiniambie wako vipi. Niambie wanafanya nini."

Mimi ndiye mwalimu. Kila mwaka nawafundisha watoto kivumishi na kitenzi, naandika ubaoni, nafuta. Sikuwahi kufikiri kwamba kuna watu tumewanyima vitenzi.

Nilibaki nimeduwaa, na kijana aliyekuwa kando yangu akanigusa bega. Tangu asubuhi alikuwa akisikia Kiswahili changu. Alikuwa mnyonzi, yaani mbeba abiria kwa baiskeli, kama wale wetu wa Kahama tunaowaita daladala, na alikuwa amewahi kuishi Ngara.

"Dada," alisema, "huyo mzee anauliza nini?"

Nikamweleza. Akacheka kwa furaha, akaninyooshea kidole pembeni ya barabara. "Angalia pale kwenye mfereji. Pale hakuna mawe, iko simenti. Tairi inapita laini. Wanaojua wanapita pale. Sasa angalia hapa chini, kwenye kona, kabla hawajaanza kupanda. Wale wanataka kuwa mbele wakati wa kuanza. Halafu wakipanda wanajiachia polepole, watu wanawapita, wao hawajali. Wakifika juu wako nyuma, lakini wako bado na kundi, na hawajachoka sana."

Nikamwekea simu mdomoni arudie. Baba akamuuliza gia. Akamuuliza wanasimama kwenye pedali au wanakaa, na kwa nini. Kijana akajibu kwamba kwenye mawe ukisimama tairi la nyuma linaruka, ukikaa linashika. Baba akasema, "Eeh! Sasa naona." Wakaendelea hivyo kwa dakika nyingi, mimi nimenyoosha mkono kati yao kama nguzo, mpaka bega likafa ganzi.

Mzunguko uliofuata nilikuwa na macho mengine. Namba zao sikuzishika, sura zinapita haraka, kofia na miwani vimewafunika, lakini nilimwona Mweritrea mmoja akipenya kulia kabla ya kona, akiingia kwenye kilima akiwa wa tano au wa sita, kisha akilegea kidogo kidogo huku anapumua, akipitwa na huyu, akipitwa na yule, macho yake yakiwa kwenye gurudumu la mbele yake wala si kwa watu waliompita. Nilimwambia baba hivyo hivyo. Niliwaona vijana wa Rwanda waliokwisha kuachwa wakipita mmoja mmoja, na umati ukiwaita kwa majina kana kwamba ndio wanaoongoza. Mmoja alikuwa akitikisa mkono wake wa kulia uliokufa ganzi, akabadilisha mshiko, akatelezesha gurudumu kwenye ule mfereji wa simenti. Nalo nililisema.

Pogačar alishinda. Aliendesha zaidi ya kilomita 60 za mwisho peke yake, Evenepoel akawa wa pili, Ben Healy wa Ireland wa tatu. Kati ya walioanza, waliomaliza walikuwa 30 tu. Baba aliyapokea matokeo hayo kwa utulivu. Saa ya Kahama iko mbele ya Kigali kwa saa moja, na nyuma yake nilisikia mbuzi wakirudi, mdogo wangu akilalamika kwamba chaji inakwisha.

"Mama, kabla haijakatika. Nipe wa mwisho uliyemwona wewe mwenyewe, kwa macho yako. Mweusi."

Nikafikiri. "Alikuwa Mnyarwanda, baba. Alikuja peke yake. Kabla ya kona akatoa chupa ya maji, akaitupa kwa watoto, ndipo akaanza kupanda."

"Kabla ya kona au katikati ya mlima?"

"Kabla."

"Mtoto akaiokota?"

"Waliigombea. Mmoja akaipata, akaitikisa."

"Ikalia?"

Nikafumba macho nikumbuke. Mvulana wa kaptula ya shule, chupa sikioni, wenzake wamemzunguka.

"Ikalia, baba. Ilikuwa na maji, nusu nzima."

"Eeh," alisema. "Alijua huko juu atapewa nyingine. Huo uzito akaona haupandishi." Akanyamaza kidogo, nikasikia vidole vyake vikigonga sanduku la spana. "Mwenzangu huyo alikuwa anapiga hesabu."