Nimeacha banki, naenda novisia kuanza malezi ya utawa

Ju watu wananiuliza kila siku, acha niseme mara moja: hapana, sikufukuzwa kazi. Nilirudisha baji na funguo za kofre mwenyewe, nikashuka na miguu mpaka Nyawera nikiwa bado na kravati, jua linachoma, na sikulia wala sikucheka.

Haikuwa sauti ya usiku kama ya Samweli. Ilinichukua miaka mitatu, na mon père mmoja Mjezuiti, padri wa shirika la Ignasi wa Loyola, aliyenifundisha njia ya Ignasi huyo: usiangalie tu furaha, angalia inabaki nini kisha imepita. Basi nikaanza kuangalia. Siku ya salere nilifurahi mpaka saa kumi na mbili hivi, kisha kimya. Ila nikitoka kutembelea wagonjwa siku ya posho, yaani Jumamosi, ile amani inalala na mimi na inaamka na mimi, nisidanganye.

Nawaza pia Munzihirwa, askofu mkuu wetu, Mjezuiti naye, aliyeuawa hapa Bukavu tarehe 29 Oktoba 1996. Angeweza kukimbia, alibaki. Mimi naacha tu kompyuta na bonasi jamani.

Kilichonishinda ni mama. Nilimwambia jikoni, alikuwa anachambua sambaza, wale samaki wadogo, hakuinua kichwa. "Mwanangu, na minervali, ile karo ya shule ya wadogo zako?" Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina, akiba niliyomwachia itafika mwaka moja tu, na novisia ni miaka miwili.

Jana aliniita, ameninunulia shuka mbili za kwenda nazo.